Robo Saa ya Wifi kwa Mama wa Butembo

Jumatano, 13 Agosti 2025

Na wala si uchoyo, hata kama Tonton Édouard ameliita hivyo ombi langu mbele ya avenue nzima, mtaa wetu wote. Ni mapenzi! Lakini mtu aliyeoa miaka arobaini iliyopita atakumbuka nini?

Basi naeleza hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza. Nimeoa wiki tano zilizopita. Exaucée wangu! Binti wa mto, wa Yanonge, anayecheka mpaka kuku wanageuka kumtazama. Mama yangu hakufika harusini. Yuko Butembo, barabara imejaa vita, na simu za kule siku hizi zinakoroma tu. Hajawahi kumwona mkwe wake. Jumapili saa nne asubuhi atakuwa parokiani kwao, penye mtandao. Tutaonana kwa video. Nasubiri siku hiyo kuliko nilivyosubiri harusi yenyewe.

Na mtandao tunao. Antena tuliyonunua nyumba kumi na nane imefungwa juu ya payote, kile kibanda cha majani kisicho na kuta, nje tu ya ukuta wangu. Kila nyumba ina robo saa yake. Tonton Édouard, rais wa kamati, ameweka sheria: kila mtu aje na kiti chake, akae na wenzake, aongee nao. Anasema tangu wakimbizi wa vita waje, tulikuwa tunaishi kama abiria wa mashua moja wasiosalimiana.

Vizuri. Lakini nimtambulishe mke wangu kwa mama huku Mama Orpha, muuza samaki, amelaza kidevu begani mwangu? Juzi jirani alimwuliza mchumba wake wa Bunia kama bado anampenda. Mama Orpha ndiye aliyejibu!

Nimeomba antena ihamie juu ya paa langu kwa Jumapili moja tu. Kura kumi na saba dhidi ya moja. Exaucée amenishika mkono akasema, "Chéri, pale iko muzuri, batu banacheka." Amenipinga kwa sauti tamu mno, nikashindwa hata kukasirika naye. Nimewakasirikia wengine wote mara mbili.

Alhamisi, 14 Agosti

Ushindi! Nyuma ya jiko langu, karibu na ukuta, wifi inafika. Vijiti viwili kwenye simu. Code ninayo kama kila mtu. Sheria inasema tukae payote, lakini mawimbi hayajasoma sheria.

Mpango: kutandaza bâche, turubai la bluu, kukodi viti vya plastiki, kuweka maua mezani. Mimi kwa suti ya harusi, yeye kwa liputa, kitenge chake cha kijani. Mama, mke wangu, mimi. Siri! Hata Exaucée simwambii. Ataona Jumapili na machozi yatamtoka.

Ijumaa, 15 Agosti

Kikwazo kimoja: muziki wa Mama Orpha. Ukuta mzima unatetemeka. Nilikwenda kumwomba aufunge tangu kesho asubuhi mpaka Jumapili. Akauliza kuna nini. Ili asinuse furaha yangu nilikunja uso, nikatazama chini, nikasema ni kwa sababu ya mama yangu wa Butembo. Akauliza mama amefanya nini. Nikasema siwezi kuongea sasa, kesho wataona wenyewe.

Akafunga muziki palepale. Akanishika bega. Mwanamke yule ana moyo kumbe! Nimeanza kujilaumu kwa niliyoandika Jumatano.

Jumamosi, 16 Agosti

Nafuta niliyoandika jana!

Asubuhi Exaucée alikwenda sokoni. Nikatandaza bâche, nikapanga viti, nikaenda kwa kinyozi. Alipofika katikati ya kichwa, umeme ukakatika. Nusu nina nywele, nusu sina. Akamalizia kwa wembe. Kichwa chote, kama yai.

Narudi nyumbani, lupango, ua wangu wote, limejaa watu. Wanawake wameketi chini kwenye mikeka, wanalia. Kuni zimeletwa. Sufuria ya Mama Orpha iko motoni. Exaucée wangu katikati, amefungua nywele, anagaagaa, anaita, "Mama! Mama, sikukuona!"

Matanga! Wamenifanyia matanga! Bâche, viti vya kukodi, muziki umefungwa, mama yuko kwenye vita. Na mimi naingia na kichwa kilichonyolewa kama cha mfiwa! Kilio kikapanda mara tatu.

Nilipiga kelele: mama yangu ni mzima! Tonton Édouard alinikumbatia kwa nguvu, akawaambia watu wanishike, siku ya kwanza wafiwa wote husema hivyo. Wanaume wawili wakanikalisha. Mmoja alinipepea!

Nikaomba niipigie parokia ya Butembo kwa video, aitwe, wamwone. Haiwezekani. Penye matanga avenue haichezi: Tonton Édouard amezima antena kwa heshima ya marehemu. Kwa heshima ya mama yangu nimenyimwa mama yangu! Lakini kabla haijazimwa, Mama Orpha alikwisha kutuma ujumbe wa sauti, kilio na yote, Yanonge kwa wakwe na Butembo kwa dada yake.

Exaucée peke yake ndiye aliyenisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama naapa. Nikaapa. Akaniuliza kwa nini basi nilinyoa. Nikamweleza umeme. Akalia upya.

Jumapili, 17 Agosti

Alfajiri amefika kutoka Yanonge papa mkwe, Papa Hugues, na watu kumi na mmoja kwa mashua, pamoja na kapu la samaki wa moshi. Saa tatu unusu nilikuwa nimepiga magoti mbele ya Tonton Édouard, ndiyo, magoti, kwa suti. Mama atafika parokiani, hatatukuta, atafikiri vita vimetukuta sisi. Papa Hugues akasema mtu anayelia hivi kwa ajili ya simu apewe simu. Antena ikawashwa. Avenue yote ikahamia payote na viti vyake, viti vyangu pia.

Saa nne kamili simu ikalia. Si yangu. Ya Mama Orpha! Dada yake alikuwa amempelekea mama ile sauti. Uso wa mama ukajaa kioo, kitambaa cha kanisa kichwani, na swali moja: ni nani amemzika?

Vigelegele, viti vinaanguka. Mimi nasukuma watu, nasema mama, huyu ndiye mke wangu. Lakini mama alikwisha kumwona. Exaucée, macho yamevimba, liputa imejaa vumbi. Mama akauliza kama yule ndiye aliyegaagaa kwa ajili yake. Mama Orpha akamwambia kila kitu, hata mahali alipojigonga goti. Mama akashusha kitambaa cha kichwani. Akafuta macho. Akasema, "Binti yangu, umenililia kabla ya kunisalimia. Mimi ni wako."

Wakaongea. Robo saa yetu ikaisha, nyumba ya jirani ikatoa yake, na ya pili, na ya tatu. Alimsalimia Papa Hugues. Aliuliza bei ya samaki! Mimi nilipata pale mwisho nafasi ya kusema neno moja. Mama akasema kichwa changu kinametameta, nisogee, namfunika Exaucée.

Jumatatu, 18 Agosti

Exaucée anaimba tangu asubuhi. Kila Jumapili mama atapiga, payote, wote wawepo. Tonton Édouard anatembea kama aliyemfufua mama ni yeye. Nani aliyepanga mkutano huu? Nani aliyenyolewa? Hakuna aliyenishukuru!

Nimefikiri sana na nimeona kosa: ukuta ulikuwa karibu mno na watu. Yanonge kuna nafasi. Antena yetu wenyewe, uwanjani kwa Papa Hugues, code tuijue wawili tu, mimi na kipenzi changu. Bâche nitachagua nyeupe. Papa Hugues amepanda mashua mchana huu, nami nimemnong'oneza bandarini: tunakuja kwenu kabla mwezi huu haujaisha, nina jambo, asimwambie mtu, ataona mwenyewe.