Jino la Baba Mkwe na Nyama Isiyo na Upande

Jamani, leo nimeadhirika, tena ukweni. Nimerudi Same sasa hivi, sijavua hata viatu, na bado sielewi kilichonipata.

Mimi ni mwalimu wa fizikia (likumbukeni hilo, litanigeukia huko mbele). Leo nilikwenda Maore kwa kina Nakijwa, mchumba wangu, kusikia jibu la baba yake. Posa nilishapeleka. Kilichobaki ni Mzee kufungua mdomo tu, aseme ndiyo au hapana. Shikeni hapo pa kufungua mdomo.

Nikapokelewa vizuri. Shikamoo, marahaba, kiti cha mgeni, chai ya tangawizi. Hapo uani tulipoketi, paja la beberu lilikuwa juu ya makaa, linanukia hadi nikasahau hofu. Mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge, na leo alikuwa na hamu ya mazungumzo.

"Mwalimu, hebu niambie. Jani la mkonge ukilichana kwa urefu, linakubali upesi. Ukitaka kulikata kwa kukingama, mpaka panga. Fizikia inasemaje?"

Ningejibu kwa kifupi, ningekuwa salama. Lakini nikasimama! (Kwa nini nilisimama? Hata mimi najiuliza.) Nikaeleza kwamba kuna vitu vyenye mwelekeo, kama mkonge na mbao: upande huu vigumu, upande ule vinapasuka. Halafu kuna vitu ambavyo ni vilevile pande zote, kama kioo. Ukikivuta hivi, ukikivuta vile, nguvu yake ni ileile. Hivyo tunaviita isotropiki. Neno hilo nikalitamka taratibu, lisikike vizuri.

"Na nyama?" akauliza mjomba wake Nakijwa, aliyekuwa anageuza lile paja.

"Nyama ni kama kioo, mjomba. Haina upande. Kata unavyotaka!"

Wakatazamana. Nikadhani wamevutiwa.

"Basi chukua kisu," Mzee akasema. "Leo utatukatia wewe."

Nikakata. Vipande virefu, vyembamba, vinavyofuata mfupa, vizuri kama vya picha. Nakijwa akanikonyeza. Nikamkonyeza na mimi. Akanikonyeza tena, safari hii kwa macho yote mawili. (Mapenzi haya!)

Mzee akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Nikamaliza kikombe changu cha chai, bado anatafuna. Akakihamishia shavu la pili. Machozi yakaanza kumlengalenga. Mwishowe akaishika kwa vidole ile ncha iliyobaki nje, akavuta. Nyama ikarefuka. Akavuta kwa nguvu zaidi.

Fyatu! Nyama ikatoka. Na jino lake la bandia la mbele likatoka nayo, likaruka, likatua katikati ya makaa.

Mama mkwe akakimbilia jikoni. Nikasikia masufuria yakianguka na mtu akicheka mpaka anakohoa.

"Beberu alikuwa mzee sana," nikajitetea.

Mjomba akakataa. Wapare mnatujua, kesi hatuiachi njiani. "Tusimhukumu marehemu bila ushahidi!" Akachukua paja lilelile, kisu kilekile, akakata kwa kukingama, vipande vifupi vifupi. Akanipa kimoja. Kikalainika mdomoni kama ndizi mbivu.

Nikachanganyikiwa kabisa. Beberu yuleyule! Moto uleule! Chumvi ileile! Nikaonja changu: kamba. Nikaonja cha mjomba: laini. Nikarudia, labda nimekosea mdomo. Nikainama kukiangalia kipande changu kwa karibu, ndipo nikaziona nyuzi zake, zimelala upande mmoja kama za jani la mkonge. Mimi nilikuwa nimekata nikizifuata, nikampa Mzee nyuzi nzimanzima. Aibu ikanipanda hadi masikioni.

"Si nilikukonyeza?" Nakijwa akaninong'oneza.

"Nilijua unanipenda!"

"Nakupenda, lakini nilikuwa nasema geuza kisu!"

Nikapiga magoti mbele ya Mzee. "Baba, naomba unisamehe. Na... lile jibu langu?"

Mzee akafunika mdomo kwa kiganja. "Nimekusamehe, mwanangu. Jibu ninalo tangu asubuhi. Lakini neno la kumwoza binti siwezi kulisema na pengo mbele ya watu. Jino likirudi, utaitwa."

Sasa jino lenyewe limeungua. Nililiopoa makaani mwenyewe, likatoka jeusi, limejikunja, halijulikani tena mbele wala nyuma. (Pande zote sawa!)

Kwa hiyo msicheke, nawaomba. Anayemjua daktari wa meno hapa Same anielekeze tu, maana ndoa yangu iko mikononi mwake.