Mwalimu Ametujia Sote Ndotoni

Jumatatu, 3 Juni

Jumamosi hii Mwalimu atatimiza siku elfu moja kaburini. Jiwe litawekwa, na mmoja wetu atasimama kusimulia habari zake. Ki Padmasari! Vitabu thelathini, falsafa yake inasomwa hadi ng'ambo. Na aliyempigia taipu ni nani? Mimi, Tukiran, miaka kumi na mmoja, mpaka vidole vikaota sugu. Ila Jumingan naye anajipitishapitisha kwa mjane wa Mwalimu, ambaye ndiye atakayemchagua msemaji. Jumingan, aliyekuwa akimpakia Mwalimu kwenye baiskeli, basi! Kwenda kuomba mwenyewe siwezi. Java nzima itanicheka. Heshima haiombwi, mtu anangoja aombwe. Nimengoja wiki tatu. Kimya.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa. Marehemu akimjia mtu ndotoni, hapa kwetu nani atabisha? Basi asubuhi, kwenye kibanda cha kahawa, nimesema kwa sauti ya chini ili wote wasikie: Mwalimu kanijia, kavaa nyeupe, anataka niseme mimi. Nikaongeza kwamba aliomba kahawa chungu, ndoto inoge. Mwenye kibanda akashika mdomo. Jumingan akakohoa. Raha iliyoje!

Alhamisi, 6 Juni

Balaa. Jumingan naye kaota. Tena kwake Mwalimu alikaa kitako saa nzima! Jioni nimekwenda kumwaga maua kaburini kama kila Alhamisi, nikakuta watu wapata arobaini. Wote wameota. Huyu kaombwa ndizi za kukaanga, yule sigara za karafuu. Mchinjaji anadai Mwalimu kamwagiza jirani yake amrudishie jogoo. Kaburi halionekani kwa sahani, sisimizi wanafanya harusi. Nikamwambia Jumingan aache uongo. "Tangulia wewe, kaka," akasema, "mimi nitafuata."

Walipoondoka nikakaa chini. Ikanijia ile mvua ya mwaka sabini na nne. Bati linavuja, mimi mwavuli mkono mmoja juu ya taipureta, mkono wa pili napiga. Mwalimu akaikatisha sentensi yake kuhusu kifo, akamenya muhogo, akanilisha mwenyewe. Alisema sentensi itangoja, tumbo la Tukiran halingoji. Jamani, namkumbuka mzee yule! Nikalia mpaka pua ikaziba.

Ijumaa, 7 Juni

Bu Sumirah, mjane wake, katuita wawili. Akasema aliishi na mzee huyo miaka hamsini, akiwa macho, na mzee hakuwahi kuomba kitu kwa adabu. Hayo ya ndotoni kajifunzia wapi? Jumingan akatazama dari. Kisha Bu Sumirah akanigeukia mimi. "Jina lako nililiandika tangu mwezi uliopita, mdogo wangu. Nilikuwa nangoja uje, hata salamu tu."

Nikatamani ardhi inimeze. Akaendelea kwamba sasa akinichagua, watu watasema nafasi imegawiwa na mzimu. Kwa hiyo atasema yeyote ambaye hajaota. Kijiji kizima kapatikana mmoja: Kasminah, mfua nguo, ambaye magoti hayamwachi apate usingizi.

Jumamosi, 8 Juni

Kasminah akasimama kando ya jiwe. Akasema Mwalimu alikuwa akisahau karatasi mifukoni, zinafuliwa, naye akizianika kamba moja na mashati. Kusoma hajui, akaogopa kutupa jambo la maana. Basi, akaketi. Watu wakalia. Jumingan akalia. Mimi nikawashinda wote kwa kulia. Karatasi hizo ni mimi niliyezipiga taipu, zikinuka sabuni! Ningeyasema hayo. Na muhogo ningeusema. Yote ninayo, na hakuna hata moja lililohitaji ndoto.

Njiani Bu Sumirah akanishika mkono. Mwakani kutakuwa na kumbukumbu tena, akasema, na mlango wake uko wazi. Niende tu, niombe.

Jumapili, 9 Juni

Nimewaza siku nzima. Kosa nimeliona, nalo halitajirudia. Kwenda kuomba? Aibu hiyo siiwezi. Kesho alfajiri nawahi kibandani, kabla Jumingan hajaamka, niwatangazie kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuota.