Mashine Inayotoka Jasho

Jumapili, 2 Machi

Nimezimika tena. Kona ya mwisho ya mbio zetu za magari za mtandaoni! Gari jekundu la binti yangu lilikuwa mbele kidogo, langu la buluu likimpumulia kisogoni, mara skrini nyeusi. Nilipopiga simu alikuwa analia. Anaamini nazima makusudi kila anapokaribia kushinda. Nikamwapia ni betri. Akasema basi betri yangu ina wivu.

Dada yangu, anayenilelea mtoto, akachukua simu. Akasema kaka, ukishazimika wewe, mimi ndiye ninayebaki naye. Jumapili ijayo mmalize mbio moja, moja tu, la sivyo mchezo huu basi. Ana haki. Sikumwambia hivyo.

Jumatatu, 3 Machi

Kidogo kuhusu mashine. Ni kompyuta ya michezo, unaishika kwa mikono miwili kama sahani ya chakula cha moto. Niliinunua kwa mfanyakazi mwenzetu aliyekuwa anarudi kwao. Ndani inatumia mfumo endeshi uitwao Linux. Aliniambia ukiwa na Linux unaweza kubadili kila kitu mwenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Shule niliiacha kabla hesabu hazijaanza kuwa na herufi, na sasa naweza kubadili kila kitu.

Ninaishi chumba kimoja na Birika. Tunamwita hivyo kwa sababu birika lake la umeme halitoki kwenye soketi moja tu tuliyo nayo. Alisema nipunguze wati. Umeme mwingi unageuka joto, feni inahangaika, betri inakwisha. Punguza tu, ndugu yangu. Nikamwambia nabeba maboksi ya samaki walioganda tangu asubuhi, sikuja huku mbali kupunguza nguvu. Aendelee na chai yake.

Nina mbinu yangu. Feni nayo inakula betri, si ndiyo? Kesho naizima.

Jumanne, 4 Machi

Nimeizima. Amri moja tu, nimeiandika mwenyewe, bila kosa. Nilijiona mhandisi! Haikupita muda nikaanza kuihamisha mashine mkono huu, mkono ule. Birika akaomba aipitishe kwenye kola ya shati lake kabla haijapoa. Kisha ikaandika kwamba joto limezidi, inajizima ili kujilinda.

Niliitazama kwa wivu. Mimi nikimwambia msimamizi wa kazi joto limezidi, najizima ili kujilinda, nitalala wapi?

Feni nimeirudisha.

Alhamisi, 6 Machi

Jamani! Adui ni joto. Na mimi nafanya kazi wapi? Ghala la baridi! Miezi yote hii nimekuwa nikipita na jibu mabegani.

Nikaiingiza chini ya koti. Nyuma ya maboksi nikapandisha wati mpaka juu kabisa, nikaondoa gari. Raha! Feni kimya, mashine baridi kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Betri ilikuwa bado nusu. Ghafla, giza. Nusu nzima imekwenda wapi?

Msimamizi akatokea. Akauliza, samaki wote wamelala, wewe unamchezea nani? Akanitoa nje kwenye jua. Hapo mashine ikaanza kutoka jasho. Maji kwenye skrini, maji kwenye vitufe, utafikiri ndiyo iliyobeba maboksi.

Nilipoifikisha chumbani, Birika aliniwahi kabla sijaiwasha. Alisema betri ikipigwa na baridi kali inazirai hata kama imeshiba, na nikiiwasha na maji ndani nitaiua kabisa. Akaipangusa kwa fulana yake, akaiweka juu ya rafu. Jioni hakuchemsha chai, mvuke usije ukaifikia. Alisema hana kiu. Mwongo. Nilimwona akilitazama birika kama mtu anayetazama picha ya mkewe.

Jumamosi, 8 Machi

Imewaka! Jana nzima Birika hakunywa chai, na leo asubuhi pia. Akaketi kando yangu kitandani, akashusha wati mpaka nane, picha thelathini kwa sekunde, mwanga wa skrini nusu. Kila alipobonyeza niliumia. Miti ya mchezo imekuwa kama mboga zilizochemshwa sana. Nikasema hili si gari, ni mkokoteni. Akasema mkokoteni unafika.

Jumapili, 9 Machi

Tulianza. Feni inanong'ona tu. Binti akaniacha mbali mno, namsikia kwenye simu akiimba. Kona ya mwisho, na mashine hai! Nikatokeza. Gari jekundu limesimama kabla ya mstari. Nikamuuliza kama limeharibika. Akasema hapana Baba, nilikuwa naangalia kama utafika.

Nikapangusa macho kwa kiganja. Birika akauliza macho yana nini. Nikasema ni mvuke wa birika lake. Birika lilikuwa halijawashwa.

Nikasogea ubavuni mwake. Akanisubiri tulingane kabisa, kisha akachomoka, akapita mstari peke yake! Baba kobe! Baba kobe! Kicheko kile! Tukaegesha magari pamoja, tukazungumza. Jino la mbele limeng'oka, la pili linacheza. Anataka nilione kabla halijatoka. Nikasema tutaona. Dada yangu akasema tu, haya kaka, Jumapili ijayo. Betri ilikuwa bado ipo.

Birika alikunywa vikombe vitatu mfululizo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri sana. Mtoto alinishinda kwa sababu ya wati nane. Ningekuwa na wati zote angeona vumbi langu.

Na ghala la baridi halikuwa kosa hata kidogo. Kosa ni kwamba niliipeleka mashine uchi. Mimi mwenyewe huingia mle na koti, kofia na glavu! Nimeshaipatia vazi. Inaenea barabara ndani ya soksi nene ya sufu, na hata tundu la feni limefunikwa, haitapata mafua.

Birika anatafuta soksi yake moja tangu asubuhi. Nimemwambia sijaiona.