Siku Bavaria Ilipong'olewa Baharini

Kusanyikeni, enyi madereva mliolala foleni pamoja na malori yenu, enyi mawakala wa forodha mtembeao na bahasha kwapani, enyi mama wauza viazi, nanyi wabadilisha kwacha mnaomwita mtu bosi kabla hamjamjua! Tueni mizigo, zimeni injini, mpate kusikia habari za vita kuu iliyopiganwa hapa hapa Tunduma mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tatu, vita ambayo haikumwaga damu hata tone, ila soda moja ya chungwa iliyomwagikia kibodi, na hiyo nayo ikafutwa kwa kitambaa.

Alikuwapo shujaa, jina lake Alinanuswe, mzaliwa wa Ikinga kule Ileje, simba mwembamba wa Wandali, mwenye suruali ya shule iliyokatwa ikawa kaptula, mhitimu wa kidato cha sita aliyekuwa akingoja matokeo huku akijifanya hayangoji. Huyu, katika masomo yote aliyofundishwa, alipenda moja kuliko ugali: namna vijinchi vya Wajerumani vya zamani vilivyogombana, vikaoana, hata vikawa nchi moja. Aliijua Prusia kama ajuavyo njia ya kisimani. Hanova na Badeni aliviota usingizini. Alikaa kwa shangazi yake Tabita, na katika ua wa nyumba ile alichora Ujerumani yote mavumbini kwa kijiti, mara kwa mara, kiasi kwamba shangazi alikuwa amezoea kuanika ulezi wake juu ya Saksoni.

Lakini Tunduma, jamani, ni mji wa kazi. Malori hayaulizi habari za Saksoni. Mji mzima ulikuwa na mahali pamoja tu ambapo elimu ile ilikuwa na thamani, napo ni kwa dada Fortunata.

Dada Fortunata, jabali la Mbozi, malkia wa printa, alikuwa na intaneti kafe nyuma ya stendi. Asubuhi na jioni ilijaa mawakala waliokuja kuchapa karatasi za mizigo. Mchana, biashara ikilala, aliwaachia vijana kompyuta zake wacheze mchezo wa wafalme, uliokuja katika flashi ya mtu asiyejulikana, Mungu amsamehe. Ndani yake mlikuwa na Ulaya ya kale. Kila kijana alichagua ufalme, akaunda majeshi, akamvamia mwenzake.

Na huyo asiyejulikana aliyechora ramani ya mchezo ule, sijui alikuwa na njaa au na usingizi, alikuwa ameitwaa Bavaria, nchi ya kusini, nchi ya milima, akaiweka kaskazini ufukweni mwa bahari. Na Prusia yenyewe, yenye haki ya bahari tangu enzi, akaitupa kusini milimani kama mgeni aliyekosa kitanda.

Aliyefaidika na dhuluma hiyo ni Watson, Watson wa Nakonde, upande wa Zambia, Mfalme wa Mawimbi, aliyevuka mpaka kwa miguu kila mchana kama mtu aendaye dukani. Siku zote alichagua Bavaria. Siku zote aliunda manowari. Siku zote alishinda.

Basi siku ile shujaa wetu alikuwa ametumwa mashineni. Ndoo ya mahindi ilikuwa kichwani pake, neno la shangazi lilikuwa sikioni mwake: "Nuswe, usipite popote." Akapita. Akaingia, akaitua ndoo chini ya meza, akaketi, akatazama kioo cha kompyuta, akaona manowari za Bavaria zimejipanga kama malori siku ya Jumatatu. Moyo wake ukachemka.

"Ewe Watson!" akanguruma, akisimama hata kiti cha plastiki kikaanguka kwa heshima. "Hata lini utaegesha meli kwenye nchi ya watu wa milimani? Bavaria haina bahari! Ina majabali, ina ng'ombe, ina baridi kama ya Ileje mwezi wa saba! Bahari ni ya Prusia, nawe wajua!"

"Awe, mune, mimi sijui," akajibu Watson, ambaye kila mtu kwake ni mune, yaani rafiki, kwa upole wa mtu anayeshinda, akitafuna karanga. "Kompyuta ndiyo imesema Bavaria ni pwani. Wewe na kompyuta, nani alifika Ujerumani?"

"Wewe hata Lusaka hujafika!"

"Na wewe, matokeo yamefika?"

"Uuuwi!" wakapiga kelele vijana wote, na mmoja akaipiga meza, nayo soda ile ya chungwa, ambayo nilishaitaja kwa masikitiko, ikaanguka.

Shujaa alikiokota kiti chake, akakisimamisha. "Mwenye ramani ya uongo," akasema kwa sauti ya chini, "ushindi wake ni wa uongo."

Hapo Watson aliacha kutafuna. "Sikiliza, Profesa. Sisi Zambia hatuna bahari. Nyinyi mnayo, mnatuletea mafuta na mitumba kutoka huko, na hamtuachi tusahau. Sasa mimi nimepata kabahari kangu kadogo humu ndani, hako nako kanakuuma?"

Dada Fortunata aliinuka kutoka kwenye printa.

"Nyie!" akasema. "Kuna mteja hapa anachapa karatasi za mahindi, kwa kelele zenu ameandika mzigo unakwenda Bavaria! Nimechoka. Kila siku ugomvi ni huo huo. Leo ndiyo mwisho. Ama hiyo ramani inyooke na kila mtu aridhike, ama naufuta mchezo. Mawakala wa jioni wakianza kuingia wakute kimya. La sivyo, nafuta, na flashi naivunja."

Pakawa baridi. Kila mmoja alijiona akizurura stendi mchana kutwa. Lakini aliyepigwa zaidi ni Alinanuswe, kwa kuwa wengine wangepoteza mchezo tu. Yeye angepoteza mahali pekee ambapo mtu aliwahi kumuuliza Hanova iko wapi, akasubiri jibu.

"Dada," akanena, mkono kifuani, "nipe kompyuta ya pembeni. Kabla wakala wa kwanza hajakanyaga kizingiti hiki, Bavaria itakuwa imerudi kwao, na amani itakuwa imerudi kwako. Nikishindwa, futa, na mimi mwenyewe nisiingie tena humu."

"Utashindwa," akasema Fortunata. "Kaa."

Sasa sikilizeni jinsi vita ilivyokuwa. Ramani ile haikuwa na uchawi. Ilikuwa picha tu, na kila nchi ilikuwa na rangi yake. Mchezo ulisoma rangi, ukajua hapa ni kwa fulani na pale ni kwa fulani. Bluu ilikuwa bahari. Nyeupe ilikuwa si kitu. Kwa hiyo shujaa aliifungua picha katika programu ya kuchorea, ile ile ambayo watoto huchorea nyumba na jua lenye macho, akakishika kipanya kama mkuki, akasonga mbele.

Kwanza alifuta. Bavaria ya uongo ikaanguka, bandari zake zikazama bila mbiu. Kisha akaijenga Prusia kaskazini na mashariki, akaipa ufuko wake wote. Akaiweka Hanova magharibi yake. Akaishusha Saksoni katikati, taratibu, kwa hadhari ya mtu anayejua kuna ulezi juu yake. Akapanga Badeni na Vutembagi kule kusini magharibi. Na mwisho, pembeni mwa milima, akaitua Bavaria. Jasho lilimtoka. Kipanya, kilichokuwa kizee na chenye kiburi, kiliruka mara nyingi kikaipa Hanova mkia isioustahili, naye akaukata. Watson alisimama nyuma yake, amekunja mikono kama mtu anayeangalia nyumba yake ikibomolewa.

"Tayari!" akalia shujaa. "Fungueni mchezo!"

Wakafungua. Na tazama, Ujerumani ilikuwa imenyooka! Vijana wakapiga makofi. Hata Fortunata alichungulia kwa jicho moja.

"Tujaribu," akasema Watson. Akaamuru jeshi la Bavaria liende Vutembagi, jirani wa karibu kabisa. Jeshi likaenda hadi mwisho wa nchi, likasimama. Akaamuru Saksoni iivamie Prusia. Saksoni ikaenda, ikasimama. Kila mahali, majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamejipanga kwenye mipaka yao, bendera juu, yakitazamana, hakuna hata askari mmoja anayevuka.

Watson aliinamisha uso hadi pua ikakaribia kioo. Akaanza kucheka. Akacheka hata akashika ukuta.

"Mune," akasema, akifuta machozi, "mune wangu, umechora Tunduma!"

Na ilikuwa kweli. Kati ya kila nchi na jirani yake, shujaa alikuwa ameacha utepe mweupe. Hakuna aliyemfundisha. Kwao Ileje, kati ya nchi na nchi unapita mto Songwe. Hapa Tunduma, kati ya nchi na nchi kuna ule ukanda usio wa kwetu wala wa Zambia, ambao shangazi Tabita aliwahi kuamriwa alirudishe nyuma jiko lake kwa sababu liliuingilia. Tangu azaliwe Alinanuswe hajaona nchi mbili zikigusana ngozi kwa ngozi. Mkono wake ulichora mpaka kama macho yake yanavyoujua. Na nyeupe, tulishasema, ilikuwa si kitu, wala hakuna jeshi liwezalo kupita juu ya si kitu.

"Tena ule wa kwetu watu wanapita," Watson akaendelea kumchoma. "Wanapita na baiskeli, wanapita na mbuzi. Huu wako hata mbuzi hapiti!"

Wakati huo huo wakala wa kwanza wa jioni akaingia, akauliza kama printa ina wino. Dada Fortunata akaitikia kwa kichwa. Alikuja polepole, akanyoosha mkono kwenye kipanya.

Alinanuswe aliondoka kitini. Hotuba aliyokuwa nayo kifuani ilikuwa ndefu, yenye Hanova na heshima na damu ya mababu, lakini kilichotoka ni kimoja: "Dada, naomba."

"Uliahidi mwenyewe."

"Dada Foti, ngoja," akasema Watson. Wote wakamgeukia. Alijikuna kisogo. "Ukiufuta, mimi nitakuwa navuka mpaka kuja kufanya nini huku? Kununua nyanya? Mwache azibe. Na mimi nitamsimamia. Ameninyima bahari, sawa, lakini hizo nafasi nyeupe tutagawana nusu kwa nusu. Hata shubiri ya Bavaria hainipotelei."

Fortunata alimtazama wakala, akaitazama printa. "Mna nafasi hadi nimalize kumchapia huyu," akasema.

Enyi watu, hapo ndipo palipoonekana ajabu: mtu wa Ileje ameshika kipanya, mtu wa Nakonde amenyoosha kidole juu ya kioo, na kati yao hakuna utepe. "Kushoto. Kushoto, nimesema! Hapo ni kwangu." "Hapo ni Vutembagi, acha tamaa." "Basi hicho kipembe nipe." "Chukua." Rangi ikakutana na rangi. Printa ikaunguruma kama radi, karatasi baada ya karatasi, na kila karatasi ilikuwa pigo moyoni.

Ndipo mlango ukazibwa na shangazi Tabita.

"Nuswe!" Sauti yake ilifika Nakonde. "Ndoo yangu iko wapi?"

Ndoo ilikuwa chini ya meza. Kijana mmoja alikuwa ameifanya kibago cha miguu, akaiondoa miguu kimya kimya.

"Shangazi, shikamoo. Nisubiri kidogo tu, nimebakiza Saksoni."

"Saksoni naijua, naanikia ulezi! Ninachouliza ni unga!"

"Marahaba zake ndizo hizo," akanong'ona Watson. "Maliza, mune, maliza!"

Printa ikanyamaza. Shujaa akaziba tundu la mwisho. Akahifadhi. Mchezo ukafunguliwa, na Watson, kwa kidole kimoja, akaliamuru tena jeshi la Bavaria. Likaenda hadi mwisho wa nchi. Likasita, nadhani kwa mazoea tu. Likavuka.

Kelele iliyopigwa siku ile, wakala aliangusha karatasi zake. Fortunata alisubiri watulie, akasema, "Haya. Mchezo unabaki. Lakini nikisikia neno bahari humu ndani, wote nje." Akarudi kwenye wino wake, nao waliomjua wakasema alikuwa anatabasamu, ijapokuwa hakuna aliyethubutu kuhakikisha.

"Mchezo mmoja, shangazi," akaomba Alinanuswe. "Wa kuijaribu tu." Shangazi akasonya, akatafuta pa kukaa.

Sasa, katika kafe ile kuna desturi: anayeifungua kompyuta na kuandaa mchezo huchagua ufalme mwisho, asije akajipendelea, na siku ile huyo alikuwa Alinanuswe. Basi wote wakamgeukia Watson, mlinzi wa kila shubiri ya Bavaria, wakingoja aitwae nchi yake aliyoipigania.

"Mimi Prusia," akasema Watson bila kupepesa.

"We!"

"Si umesema bahari ni ya Prusia? Nimekuamini, Profesa."

Wenzao wakagawana Saksoni, Hanova na nyingine zote, hata ikabaki nchi moja, isiyo na bandari, imezungukwa pande zote na mataifa yenye njaa, ambayo sasa yalikuwa na mipaka inayopitika vizuri kabisa. Alinanuswe akaitwaa. Alipigana kiume. Saksoni ikaingia kwa juu, Vutembagi ikaingia kwa pembeni, kisha Watson akashuka na jeshi lote la Prusia, akapita ramani nzima bila kugusa utepe mweupe hata mmoja. Shangazi Tabita hakuwa amemaliza kukaa vizuri kitini, Bavaria ilikwisha.

"Umepigwa, mune," akasema Watson.

"Nimepigwa," akajibu Alinanuswe, na uso wake ulikuwa uking'aa kama wa bwana harusi. "Lakini nimepigwa kusini."

Watson alimtazama, kisha akakitazama kioo, akatikisa kichwa polepole. "Eee," akakiri. "Kusini kabisa."

Basi ikumbukwe, vizazi na vizazi, katika Tunduma na Nakonde na hata huko Ileje kwenye baridi: kwamba Bavaria ilipotea baharini, isiwepo dola wala mfalme wa kuirudisha, hata alipoinuka mwana wa Ikinga akairudisha milimani mchana mmoja, kwa kipanya kibovu. Hakupewa nishani. Alipewa ndoo. Shangazi aliinyanyua mwenyewe akamtwika kichwani, akamsukuma mlangoni. Naye akatoka shingo wima, mahindi yakiwa bado mahindi, akapita katikati ya foleni ya malori na ndoo badala ya taji, nao madereva wakampisha njia, mmoja baada ya mwingine. Wao walidhani anawahi mashine.