Bati la Kung'aa

Jumatatu, 4 Machi
Mwanyumba wangu kanunua gari. Mwanyumba ndiye yule aliyeoa mdogo wa mke wangu, nadhani ili kunikomoa. Gari lina mdomo mpana wa kung'aa, kama limetiwa meno ya fedha. Mama mkwe kalizunguka mara mbili. Langu hajalizunguka hata siku moja! Jumamosi anaozesha binti yake wa mwisho na bado hajasema atapanda la nani. Mimi ndiye mkwe mkubwa. Nilioa kwanza!

Jumanne, 5 Machi
Dawa imepatikana. Nimechukua bati la kung'aa kwa fundi wa madirisha, nikalikata mwenyewe, nikalifunga kwa waya mbele ya gari, toka taa hadi taa. Mke wangu kauliza gari litapumulia wapi. Nimemjibu gari si mbuzi. Mama mkwe kapita, kajitazama humo, kaweka mtandio sawa, kasema basi Jumamosi atapanda langu. Ushindi! Mwanyumba kasimama pembeni anacheka. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Nikienda kazini, taa nyekundu ya joto imewaka. Mshale umepanda mpaka mwisho. Boneti inafuka moshi. Nani alisimama karibu na gari jana akicheka? Simtaji. Nimeongeza maji. Taa ikawaka tena.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kakagua. Rejeta inayopoza maji ya injini haivuji. Feni inazunguka. Pampu ya maji nzima. Kisha kauliza hilo bati ni la nini. Nimemwambia nimemwita atazame injini, si mapambo. Kasema haya, bosi. Mwanyumba naye kapiga simu kwa mke wangu: eti nilibandue, linazuia upepo usifike kwenye rejeta. Umeona? Anataka niende harusini na gari kibogoyo!

Ijumaa, 8 Machi
Nimebandika plasta nyeusi juu ya taa nyekundu. Haiwaki tena. Mwenzangu wa kazini kanidokeza kwamba injini ikichemka niwashe hita, joto lihamie ndani. Mambo safi.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kakaa mbele, kapambwa kuliko bibi harusi. Nikawasha hita. Akauliza kama tunaenda kuozesha au kuokwa. Nikamwambia ndiyo magari ya kisasa. Wanja ukaanza kumteremka mashavuni. Katikati ya mlima gari likakohoa, likatoa moshi, likazima. Mwanyumba, aliyekuwa nyuma yetu, akashuka na koleo. Koleo, siku ya harusi! Akakata waya, akatoa bati, akasema kwa upole kwamba gari langu lilikuwa limevishwa blanketi. Mama mkwe akahamia kwake bila kuaga. Mimi nikasubiri injini ipoe. Nilifika watu wanakunja viti.

Jumapili, 10 Machi
Nimezunguka mji mzima bila bati. Mshale umelala usingizi. Mwanyumba kaja kunirudishia bati lenyewe, kalifuta vizuri, kaomba radhi kwa kulikunja kona moja. Unafiki mtupu. Mama mkwe sasa anamwita mwanangu. Mimi ananiita yule.

Nimekaa, nimefikiri, kosa nimeliona. Waya. Waya unakatika kwa koleo.

Kesho nalifunga kwa skrubu.