Blanketi la Kompyuta

Jumatatu, 7 Julai 2025
Mimi ndiye mtu wa kwanza kuleta kompyuta hapa Ibaba. Haya, wa pili. Haya, ililetwa na kondakta, mimi niliibeba tu kutoka stendi, na Mwalimu Yonathani, mstaafu mwenye maneno mengi, alishika upande mwingine. Ila upande mzito ulikuwa wangu!

Kompyuta ni ya mke wangu Tabita, katibu wa kwaya. Ndani zimo nyimbo arobaini za Kindali, alizoandika akimsikiliza marehemu mama yake. Daftari alimoziandika kwanza lililoa mvua, likawa uji. Jumapili ni jubilei ya kanisa, lazima zichapwe, na printa mpya imegoma. Inataka kompyuta yenye mfumo mpya. Nimemwambia Tabita aniachie. Kanitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani.

Jumanne, 8 Julai
Nimeshuka Tunduma. Fundi Mbonile kanitilia mfumo mpya kwenye flashi. Kasisitiza: kabla ya kugusa chochote, nyimbo zihamishiwe kwenye flashi nyingine. Nikaitikia kwa kichwa. Flashi nyingine ninayo wapi? Kuitikia ni bure.

Jumatano, 9 Julai
Saa mbili asubuhi, kazini. Baridi ya kukata masikio. Lakini mimi si mjinga! Hata lori la jirani Andongwisye, lile Fuso, haliwaki Julai bila kupashwa moto. Nimeifunika kompyuta lile blanketi zito la mistari la Tabita, nikabakiza kioo tu, kama uso wa bibi harusi. Asilimia thelathini. Hamsini. Sitini na moja. Zii! Imezima. Kuiwasha, inasema inarudi ilikotoka. Nimemwambia Tabita inapumzika.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeongeza blanketi la pili. Imefia arobaini! Ni wazi baridi imezidi. Yonathani kapita, kauliza kama mgonjwa ana malaria. Eti ndani ya mashine kuna feni, inataka hewa. Nikamwambia tangu nizaliwe sijaona kiumbe wa Ibaba anayehitaji feni. Kacheka, kaondoka na kiazi changu.

Mchana Tabita kaniuliza nyimbo nimezihifadhi wapi pengine. Nikakohoa. Hakunifokea, afadhali angefoka. Alikaa jikoni akauimba wimbo wa mavuno wa mama yake, akakwama ubeti wa tatu. Akaanza upya. Akakwama palepale. Nikatoka kupasua kuni ambazo zilishapasuliwa.

Ijumaa, 11 Julai
Mablanketi mawili na koti langu la kanisani. Ilipofika thelathini na tano, Tabita karudi kutoka kisimani anatetemeka. Kavuta vyote, kajifunika! Nikapiga kelele kwamba ataiua. Kajibu, Baba Anyelwisye, mwenye damu humu ndani ni mimi.

Nikafumba macho. Nikafumbua: sitini na moja. Themanini. Mia!

Nyimbo zote arobaini zipo. Tabita kausoma ule ubeti wa tatu kwa sauti, kafuta macho na pembe ya blanketi. Nikamweleza taratibu: ni joto la siku mbili lililoingia kwenye vyuma. Kasema asante. Sijui kwa nini alikuwa anacheka.

Jumapili, 13 Julai
Zimechapwa, zimeimbwa! Mchungaji kaomba walioandaa wasimame. Nimesimama mara mbili. Yonathani kanivuta shati nikae.

Gwantwa wa duka la pembejeo kaniomba kesho nikamwekee mfumo mpya kwenye kompyuta yake. Nimekubali papo hapo. Lile duka lina upepo, nitahitaji mablanketi matatu.

Tabita, najua unasoma daftari hili, nimeona alama za vidole vya unga. Ulipoteguka mguu nilikuchotea maji ndoo tatu, kweupe, wanaume wote wananiona. Hujanilipa wema ule. Asubuhi niachie lile la mistari. Nitalirudisha likiwa na joto.