Kibao cha Mpaka wa Jiji

Jumatatu, 7 Machi 1994
Barasa, Bwana Afya wa kanjo, yaani baraza la mji wa Ruiru, amekuja tena hotelini kwangu hapa Kahawa Sukari. Chai akanywa, mandazi matatu akala, kisha akasema hoteli isiyo na choo ataifunga Ijumaa. Mke wangu Mumbi anataka nichimbe. Mimi! Na mgongo huu! Kanini wa hoteli jirani tayari anachimba. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 8 Machi
Dawa nimepata. Kibao cha "Karibu Nairobi" kiko hatua mia mbili tu kutoka hapa, na Barasa jijini hana amri. Nimekisogeza alfajiri, nikakisimika kati yangu na Kanini. Sasa mimi ni mtu wa jiji. Kanini amebaki mashambani, pole yake.

Ijumaa, 11 Machi
Barasa amekitazama kibao, akajikuna kichwa, akasema kweli huku si kwake. Akapita. Nimecheka hadi machozi! Mumbi hakucheka. Ameazima sururu, sijui ya nini.

Jumatatu, 14 Machi
Ngai! Lori la askari wa jiji mlangoni. Wametaka leseni ya jiji, nikatoa ya Ruiru. Wakauliza kama sijui kusoma, wakakinyooshea kidole kibao. Nikaapa hapa ni Ruiru tangu enzi za babu. Wakasema kila mtu husema hivyo, wakapakia jiko, sufuria na mabenchi. Nimeumia, sifichi. Hoteli hii ndiyo unga wetu.

Jumanne, 15 Machi
Ofisi za jiji. Dirishani wakasema leseni ni ghorofa ya juu. Juu wakasema nitangulize cheti cha afya. Wa afya wakasema nitangulize choo. Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Mama mmoja akasema ipo: nihamie Ruiru.

Alhamisi, 17 Machi
Kibao nimekirudisha. Kumbe Mumbi amekuwa akichimba nyuma ya jikoni tangu Ijumaa! Barasa amekiona choo, akafurahi, akaandika barua kwamba sisi ni watu wake. Kwa barua hiyo jiji limeturudishia vyombo. Sufuria moja haina mfuniko.

Jumatatu, 21 Machi
Tumefungua. Barasa amekuja kunywa chai, akatazama juu, akasema sasa anataka dari kabla ya mwisho wa mwezi. Mumbi ameshaenda kutafuta mbao. Mwanamke huyu hana subira. Nasikia kibao cha kuingia mji wa Thika hakikutiwa simiti. Nimeazima toroli.